Simu ya Upepo ya Mkononi: Jinsi Njia na Masafa Yanavyopangwa

Apitaye katika Mtaa wa Msimbazi au wa Kongo, pale Kariakoo, asubuhi maduka yanapofunguliwa, hakosi kumwona mlinzi amesimama mlangoni pa jengo la ghorofa akizungumza na chombo kidogo cheusi chenye antena fupi. Hubonyeza kitufe kilicho ubavuni, husema maneno machache, huachia kitufe, kisha husikiliza. Mwenzake aliye ghalani nyuma ya jengo humjibu papo hapo. Hakuna namba iliyopigwa wala salio lililokatwa. Chombo hicho ndicho simu ya upepo ya mkononi, yaani redio ambayo hupokea na kurusha sauti kwa zamu.

Zamani chombo hiki kilionekana zaidi mikononi mwa askari na mabaharia. Siku hizi huuzwa dukani kwa jozi, kando ya chaja na pasi za umeme. Mnunuzi huonyeshwa namna ya kukiwasha na kukichaji, lakini ni nadra kuelezwa jambo lililo kubwa kuliko yote: zile tarakimu zilizomo ndani yake zina maana gani, zimewekwa na nani, na je, mnunuzi anayo haki ya kuzitumia? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa fizikia ile ile ifundishwayo katika shule zetu za sekondari.

MASAFA NI NINI

Mwanafunzi akishika ncha ya kamba ndefu na kuitikisa, mawimbi husafiri hadi ncha ya pili. Idadi ya mitikisiko katika sekunde moja ndiyo masafa ya mawimbi hayo. Kipimo chake ni hezi, jina lililotokana na Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kwa majaribio, katika miaka ya 1886 hadi 1888, kuwapo kwa mawimbi ambayo James Clerk Maxwell wa Uskoti alikuwa ameyatabiri kwa hesabu katika andiko lake la mwaka 1865. Mitikisiko elfu moja kwa sekunde ni kilohezi moja. Mitikisiko milioni moja ni megahezi moja.

Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo urefu wa wimbi, kwa mita, hupatikana kwa kugawa 300 kwa masafa yaliyoandikwa kwa megahezi. Masafa ya megahezi 150 yana wimbi la mita 2. Masafa ya megahezi 450 yana wimbi la sentimita 67 hivi. Antena nyepesi kutengeneza huwa na urefu wa robo ya wimbi, yaani sentimita 50 kwa masafa ya kwanza na sentimita 17 kwa masafa ya pili. Ndiyo sababu antena nyingi za mkononi huwa ni waya uliosokotwa kama springi ndani ya mpira: fundi amefupisha kitu ambacho kwa asili yake kingekuwa kirefu mno kubebwa kiunoni.

Simu nyingi za upepo za mkononi hufanya kazi katika mafungu mawili: megahezi 136 hadi 174, na megahezi 400 hadi 470 au zaidi kidogo. Mawimbi ya fungu la kwanza hufaa sana mahali pa wazi, kama baharini na mashambani. Yale ya fungu la pili, kwa kuwa ni mafupi, hupenya vizuri zaidi madirishani na katika nafasi nyembamba baina ya kuta, hivyo aghalabu hupendelewa ndani ya majengo. Hata hivyo hakuna wimbi la redio ya mkononi lipendalo zege nene. Soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa rasmi mwaka 1975, lilijengwa likiwa na sehemu iliyo chini ya ardhi, ambayo wafanyabiashara waliiita Shimoni. Mtu asimamaye mahali kama pale na redio yake amezungukwa na udongo na saruji, na sauti yake huenda isifike hata ng'ambo ya barabara.

Mahali pa wazi, mpaka wa mawimbi haya ni mviringo wa dunia. Umbali wa upeo wa redio, kwa kilomita, hukadiriwa kwa kuzidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Mtu ashikaye redio katika kimo cha mita 1.5 ana upeo wa kilomita 5 hivi. Watu wawili wa namna hiyo, wakiwa ufukweni, huweza kusikilizana hata wakiwa mbali kwa kilomita 10. Lakini antena ikiwekwa juu ya jengo la mita 100, upeo wake peke yake hufikia kilomita 41. Msomaji azingatie jambo hili: mtu aliye juu ya paa la ghorofa hasemi na jirani zake tu, bali anasema na mji mzima, apende asipende.

KUTOKA FUWELE HADI TARAKIMU

Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilitumia redio ya mkononi iliyoitwa SCR-536. Redio hiyo ilikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilitegemea fuwele ya kwatzi. Kipande cha fuwele kikipitishiwa umeme hutetemeka kwa kasi isiyobadilika, kama kengele ambayo kila ipigwapo hutoa mlio ule ule. Aliyetaka kubadili masafa alilazimika kufungua redio na kutia fuwele nyingine. Fundi asiyekuwa na fuwele hakuweza kuingia katika njia ya mtu mwingine, hata kama angetaka. Uzito wa kazi yenyewe ulikuwa mlinzi wa masafa.

Redio za leo hufuata mbinu nyingine. Ndani yake imo fuwele moja tu, tuseme ya megahezi 12.8. Saketi hugawa masafa hayo kwa 1,024 na kupata kilohezi 12.5, ambayo hutumika kama kipimo, mfano wa rula. Kisha kuna saketi ya pili ambayo masafa yake hupanda na kushuka kwa kufuata volteji. Masafa yake hugawanywa kwa namba fulani, tuiite N, na jibu hulinganishwa na ile rula. Kama hayalingani, volteji husogezwa mpaka yalingane. Hapo masafa yatokayo huwa ni N mara kilohezi 12.5. N ikiwa 12,000, redio itatoa megahezi 150 kamili. N ikiwa 12,001, itatoa megahezi 150.0125.

Basi kuipanga redio si kitu kingine ila kuiambia N ni ngapi. Kile kilichohitaji fuwele mpya sasa chahitaji tarakimu tu, na tarakimu hazinunuliwi. Redio ya Baofeng UV-5R, iliyoenea duniani tangu mwaka 2012, ina nafasi 128 za kuhifadhi njia, na mtu yeyote mwenye kidole aweza kuzijaza kwa muda wa saa moja. Redio haiulizi kama anayeiandikia ana kibali. Inakubali megahezi 156.8 kwa wepesi ule ule inavyokubali nyingine yoyote, ingawa masafa hayo ndiyo njia ya 16 ya vyombo vya baharini, ambayo duniani kote hutumiwa na nahodha aliye hatarini kuomba msaada. Kutoka Kariakoo hadi Bandari ya Dar es Salaam ni kilomita chache tu.

NJIA MOJA HUBEBA MAMBO MANGAPI?

Wauzaji huita chaneli kile tukiitacho hapa njia. Wengi hudhani njia ni masafa na basi. Sivyo. Katika kumbukumbu ya redio, njia moja hubeba walau mambo sita:

(a) Masafa ya kupokelea.

(b) Masafa ya kurushia. Redio mbili zisemezanapo moja kwa moja, masafa haya huwa sawa na yale ya kupokelea. Lakini ikiwa kuna kituo cha kupokezana, yaani mtambo uliowekwa mahali pa juu ili kupokea sauti dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu, masafa mawili hutofautiana. Kwa mfano, katika huduma ya redio ya ridhaa, kituo kirushacho kwa megahezi 145.600 kwa kawaida hupokea kwa megahezi 145.000. Asiyeweka tofauti hiyo atasikia kila kitu, lakini hakuna atakayemsikia yeye.

(c) Upana wa njia. Njia pana huchukua kilohezi 25, na njia nyembamba kilohezi 12.5. Katika megahezi moja mna njia pana 40 au nyembamba 80. Redio iliyowekwa katika upana usio wake humwagikia njia ya jirani, kama mpishi aliyejaza sufuria kupita kiasi.

(d) Nguvu ya kurushia, kwa wati. Redio za mkononi kwa kawaida hutoa kati ya wati 1 na 5. Kanuni njema ni kutumia nguvu ndogo kabisa iwezayo kutimiza kazi.

(e) Toni ya utambulisho, ambayo tutaieleza mbele.

(f) Muda wa juu wa kurusha mfululizo. Kitufe kikikwama chini ya mkoba, redio isiyo na kikomo itafunga njia mpaka betri iishe. Kikomo cha dakika moja huzuia balaa hilo.

KUIPANGA REDIO HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza haifanyiki redioni. Ni kuomba masafa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na ambayo husimamia masafa ya redio nchini kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Tarakimu zitakazoingia redioni ndizo zile zilizoandikwa katika leseni, si nyingine.

Hatua ya pili ni karatasi. Chora jedwali lenye mistari mingi kadiri ya njia ulizopewa, na safu sita kwa yale mambo sita tuliyoyataja. Ongeza safu ya saba kwa jina la njia: lango, ghala, dharura. Kosa ligunduliwalo karatasini halimdhuru mtu.

Hatua ya tatu ni kusoma yaliyomo. Redio nyingi hupangwa kwa kompyuta, kwa waya maalumu na programu yake. Zile zisizo na vibonye vya tarakimu, zenye kirungu cha njia 16 tu, kwa kawaida hazipangwi kwa namna nyingine. Kabla ya kuandika neno lolote, iamuru kompyuta isome kumbukumbu yote ya redio na kuihifadhi kama nakala. Fundi mwenye nakala aweza kurudi alikotoka.

Hatua ya nne ni kuandika. Jaza jedwali lako katika programu, kisha rudisha yote redioni. Kwa redio yenye vibonye, kazi huweza kufanywa kwa mkono: redio huwekwa katika hali ya kuonyesha masafa, tarakimu huingizwa, toni na upana huchaguliwa, kisha nafasi ya kumbukumbu hutajwa. Katika UV-5R, menyu ya 27 huhifadhi njia na menyu ya 28 huifuta. Kwa njia ya kituo cha kupokezana, nafasi ile ile huhifadhiwa mara mbili: kwanza masafa ya kupokelea, kisha ya kurushia.

Hatua ya tano husahauliwa na wengi: futa njia zote zilizokuja kutoka kiwandani. Njia hizo ziliwekwa ili kuonyesha kwamba redio ni nzima, si kwa ajili ya matumizi ya Tanzania. Tena, kwa kuwa redio za aina moja hutoka kiwandani na njia zile zile, wanunuzi wawili wasiojuana hukutana hewani siku ile ile waliyotoka dukani.

Hatua ya sita ni kuhakiki. Jaribu kila njia kwa redio mbili zilizoachana kwa mita mia kadhaa, kwa nguvu ndogo, na kwa maneno machache.

TONI SI KUFULI

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Niliporejea nchini baada ya masomo ya udaktari ng'ambo, niliwachukua wanafunzi wangu kupima umbali wa mawimbi kati ya viwanja vya Mnazi Mmoja na Mtaa wa Msimbazi. Tulikuwa na redio mbili mpya, na njia tulizozitumia zilikuwa zile za kiwandani. Katika nchi niliyosomea zipo redio ndogo ambazo raia huruhusiwa kuzitumia bila leseni, nami kwa uvivu wa kutouliza nikadhani mambo ni yale yale kila mahali.

Baada ya dakika chache sauti ya mtu mzima iliingia: "Nyie watoto, tokeni katika njia yetu, sisi tuko kazini!" Walikuwa walinzi wa jengo fulani. Wanafunzi wakanitazama. Nikawaonyesha mbinu ambayo kila muuzaji huisifu: nikawasha toni ya utambulisho. Sauti za walinzi zikatoweka mara moja, na vijana wakapiga makofi.

Toni hiyo ni mlio mzito ambao redio huchanganya na sauti ya msemaji. Toni za kawaida huwa kati ya hezi 67.0 na 254.1, na redio huchuja milio hiyo isisikike spikani. Redio ya mpokeaji hukaa kimya mpaka isikie toni iliyoagizwa. Asiye na toni hiyo hasikiki spikani.

Mmoja wa wasichana katika kundi lile aliuliza swali ambalo lilinizuia kuendelea: "Mwalimu, je, wao wameacha kusema, au sisi tumeacha kusikia?" Nilizima toni. Walinzi walikuwa wangali wanazungumza, na mmoja wao alikuwa akirudia maneno yake kwa mara ya tatu kwa sababu sisi tulikuwa tukimfunika. Tulizima redio zote mbili, na zoezi likaishia pale. Mpaka leo sijapata kueleza jambo hilo kwa ufasaha kuliko swali lile.

Toni haiongezi njia wala haifichi mazungumzo. Ni pamba masikioni. Huziba masikio ya mwenye redio, lakini haimzibi mdomo. Redio iliyo kimya haina maana kwamba njia ni tupu. Kwa hiyo kabla ya kusema, msemaji hupaswa kufungua kizuizi cha sauti na kusikiliza kidogo. Na apangaye redio hufanya vema kuwasha ile sehemu izuiayo kurusha wakati njia inatumika.

Ubaya huzidi kwa sababu ya tabia moja ya redio hizi. Katika mtindo wa FM, ambao Edwin Armstrong wa Marekani aliupatia hataza mwaka 1933, mawimbi mawili ya masafa yale yale hayachanganyiki kama sauti za watu wawili chumbani. Lenye nguvu zaidi humeza jingine. Mlinzi aliye karibu, anayeuliza chai imefika wapi, aweza kumfuta kabisa mtu aliye mbali anayeomba msaada. Na mlinzi yule hatajua kamwe kwamba kulikuwa na mtu.

MASAFA NI MALI YA UMMA

Wakazi wa Kariakoo hawahitaji kuelezwa maana ya dharura. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko kuu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka katika mitaa ile ile, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha huku kazi ya uokoaji ikiendelea kwa siku kadhaa. Naitaja misiba hii kwa sababu moja tu: siku kama hizo, mtu aliye chini ya zege hutegemea wimbi dhaifu kuliko yote mjini. Wimbi lake litasikika ikiwa wengine wote wamekaa katika njia zao.

Masafa ni kama viwanja. Hayaongezwi, hugawanywa. Mataifa yalilitambua jambo hili mapema, yakakutana Berlin mwaka 1906 na kutia sahihi mkataba wa kwanza wa kimataifa juu ya redio. Hapa kwetu, utangazaji wa televisheni wa mtindo wa analojia ulipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, sababu mojawapo ilikuwa ni kwamba mtindo wa dijitali hubeba vituo vingi katika nafasi iliyokuwa ikichukuliwa na kimoja. Mtu haogopi kupima upya kiwanja chake ila kwa kuwa ardhi ni chache.

Zamani fuwele ililinda mpaka huo. Leo fuwele imeondoka, na hakuna kilichobaki mahali pake isipokuwa sheria, na elimu ya yule aishikaye redio. Ndiyo maana somo hili ni la darasani, na si la mafundi peke yao.

MASWALI YA KUFANYIA KAZI

Mwalimu aweza kuyatumia maswali haya bila kuwa na redio hata moja. Shule itakayo kufanya majaribio ya kurusha ianze kwa kupata kibali.

1. Tafuta urefu wa wimbi la megahezi 156.8, na urefu wa antena ya robo ya wimbi.

2. Ikiwa rula ya redio ni kilohezi 12.5, N inapaswa kuwa ngapi ili kupata megahezi 156.8?

3. Mlinzi amesimama juu ya paa, na antena yake ina kimo cha mita 25. Mwenzake yuko chini, kimo cha mita 1.5. Mahali pa wazi, wangeweza kusikilizana kwa umbali gani?

4. Mahali pa wazi nguvu ya wimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Redio mbili zenye wati sawa zinarusha kwa pamoja, moja ikiwa mita 50 na nyingine mita 500 kutoka kwa msikilizaji. Wimbi la karibu litakuwa na nguvu mara ngapi ya lile la mbali? Nani atasikika?

5. Jadilini: "Je, wao wameacha kusema, au sisi tumeacha kusikia?" Tajeni mahali pengine, nje ya redio, ambapo swali hili lafaa kuulizwa.

Majibu: (1) mita 1.91, sentimita 48 hivi. (2) 12,544. (3) kilomita 25.6 hivi. (4) mara 100. Wa karibu peke yake.